Baada ya Chakula

Juzi nilishuka Moshi mjini kuchukua dawa zangu za sukari. Nilitegemea mambo yale yale ya zamani: toa cheti, pokea bahasha, kwaheri. Lakini mfamasia, binti wa kumzaa kabisa, aliniamkia, akanivutia kiti, akaniomba nitoe mezani kila ninachomeza nyumbani. Viwili akasema havipatani, akampigia daktari hapo hapo. Kisha akanieleza kwamba ile dawa yangu ya mara tatu sasa ipo ya kidonge kimoja tu kwa siku, kinachoyeyuka taratibu tumboni. Kabla ya kuandika maelezo akaniuliza, "Mama, kwa siku unakula mara ngapi?"

Mtu mzima na mvi zangu, nikalia mbele ya wateja.

Ngoja nikueleze, usije ukadhani nimechanganyikiwa. Nililelewa Kirua Vunjo na bibi mzaa mama, wajukuu watano kwenye nyumba moja. Nikikumbuka utoto ule nasikia kwanza mashine ya kumenyea kahawa ikikwaruza kwa jirani, halafu maji ya mfereji yakipita chini ya migomba. Kazi yangu ilikuwa majani ya ng'ombe. Unarudi na mzigo kichwani, umande unakutiririka mgongoni, na mlangoni unapokewa na harufu ya kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja. Bibi alitupakulia sote, mdogo kwanza. Ukimuuliza mbona yeye hali, alijibu, "Mpishi hushiba moshi." Tulicheka, tukaomba nyongeza.

Nilipokuwa darasa la nne, bibi akapatikana na sukari. Zahanati walimpa vidonge kwenye bahasha ya karatasi, na kwa kuwa hakujua kusoma, aliniletea mimi, msomi wa nyumba. Nikasimama wima kama niko mbele ya mwalimu, nikasoma: moja mara tatu, baada ya chakula.

"Baada ya chakula?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi. Baada ya chakula."

Akaifunga bahasha kwenye pindo la kanga. Alikuwa mtu wa kushika maagizo, yawe ya padri au ya bwana shamba. Siku ile nilijiona daktari, nakwambia. Nilitembea kifua mbele mpaka jioni.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Ng'ombe alikata maziwa, na mikungu mizuri ya ndizi ilishushwa sokoni kuuzwa. Bibi akazidi kukonda, akapata kidonda mguuni kisichofunga. Alirudi zahanati, wakamuuliza kama anameza dawa. Akasema anameza kama walivyomwagiza. Wakamwongezea bahasha nyingine, basi. Kabla kahawa haijaiva tulimzika kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba yake.

Matanga yalipoisha, mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, alifagia jikoni akakuta kopo la majani ya chai juu ya dari. Ndani yake zilikuwamo bahasha zote, na kila moja imebaki zaidi ya nusu. Mama mdogo alikaa chini akapiga kelele kwamba mama yake amejiua kwa ukaidi. Wakubwa wakaafiki. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaamini, nikamkasirikia bibi yangu aliyelala kaburini. Hasira hiyo nimezeeka nayo.

Sasa unaelewa swali la yule binti lilinichoma wapi. Bibi alikula mara moja tu kwa siku, usiku, akikwangua ukoko sufuriani baada ya sisi kushiba. Palipo na chakula alimeza, pasipo na chakula hakumeza. Mimi ndiye niliyemsomea hivyo.

Kesho yake nikapanda Kirua. Ile mashine ya jirani haipo, kahawa imeng'olewa, mfereji umekauka na watoto wanauruka bila kujua ulikuwa nini. Jiko la bibi lilishabomolewa. Mama mdogo, ambaye sasa ni mzee wa fimbo, alikuwa anapepeta maharage uani. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda karibu yake, nikamsimulia yote, sikuficha hata sehemu yangu.

Hakunilaumu. Akaweka ungo chini.

"Mwanangu, kila Novemba naweka nia ya misa, Mungu amsamehe mama kukataa dawa," akasema. "Miaka yote hii. Kumbe alikuwa na njaa."