Boti ya Baba na Pampu ya Ng'ombe

Sisi tuliolelewa Trans-Nzoia kabla simu hazijaingia mfukoni, mchezo ulikuwa unautengeneza mwenyewe. Ukitaka gari, unatafuta waya. Ukitaka mpira, unakusanya nailoni, unafunga na kamba ya katani, na ukipigwa nao kichwani unajua umepigwa. Siku hizi mtoto akikosa bando anatangaza amechoka na maisha. Ana miaka tisa! Amechokea wapi? Lakini leo sitaki kuongea juu ya waya na nailoni, maana kila mtu wa rika langu ana hadithi hiyo. Nataka kuongea juu ya boti. Ndiyo, boti, huko kwetu Kachibora. Cheka umalize, halafu tuendelee.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi, na bahari aliiona kwenye kalenda tu. Siku moja aliondoka na kondoo wetu dume, yule mnene ambaye Mama alimpenda kuliko jamaa kadhaa wa ukoo. Alisema anampeleka kwa rafiki yake upande wa Kitale akapandishe kondoo wa huko. Jioni Baba alirudi bila kondoo. Nyuma yake lilikuja trekta likivuta mashua kuukuu ya tanga, ya mbao, iliyokuwa imesahaulika ghalani tangu enzi za wazungu. Kuku walikuwa wameigeuza nyumba ya kutagia. Mama aliizunguka mara mbili, akachungulia ndani, akatoa yai moja na kulitia kwenye aproni.

"Baba Nyambura," akasema, "mimi sikuolewa na nahodha."

Nyambura ndiye mimi. Na Mama hakuishia hapo. Kikundi chake cha akina mama kilikuwa kinakuja kwetu Jumapili ya tatu kutoka siku hiyo, na kuni zilikuwa zimepungua. Akasema Jumapili hiyo, mbele ya wageni, atapanda hiyo boti na viatu vyake vya kanisa, avuke bwawa, arudi. "Nikishuka na viatu vikavu, kaa nayo. Vikilowa, Jumatatu naipasua kuni." Mama hakuwa mtu wa kurudia neno. Nami, kwa mdomo wangu usio na breki, nilikuwa nimeshaambia darasa zima la tano kwamba sisi ni watu wa boti sasa. Ikigeuka kuni ningechekwa mpaka nimalize la nane.

Tuliitia majini pale bwawa la kunyweshea ng'ombe, na kufika jioni ilikuwa imejaa maji mpaka kwenye viti. Baba hakushtuka. Alisema mbao ni kama maharagwe, ukiziloweka zinavimba zenyewe. Kweli zilivimba, na baada ya wiki moja maji yalikuwa yanaingia kidogo kidogo tu. Lakini kidogo kidogo ya kutwa nzima ni debe. Basi akaitwa Fundi Wekesa kutoka Myanga, mtengenezaji wa baiskeli na pampu. Fundi huyu aliwahi kuwa mlinzi Mombasa kwa miezi mitatu, kwa hivyo mambo yote ya bahari alikuwa anaulizwa yeye.

Fundi aliingia ndani ya boti, akapiga magoti, akagonga sakafu kama daktari anayegonga kifua. "Hapa chini panaitwa ngama," akasema. "Maji yote inakuja kurara hapa. Lakini hizi mbavu za boti zinaifungia njia, bana." Ilikuwa kweli. Kati ya kila ubavu na ubavu palikuwa na kidimbwi chake, na maji hayakuweza kufika mahali pamoja yakanyonywa. Akachoma nondo motoni, akatoboa kila ubavu tundu chini kabisa, moshi ukatutoa machozi. Matundu yakaziba siku hiyo hiyo kwa manyoya ya kuku. Hapo fundi akafanya jambo ambalo mpaka leo nalivulia kofia. Alichukua cheni kuukuu za baiskeli, akaziunga, akaipitisha cheni hiyo kwenye matundu yote kutoka mbele hadi nyuma. Uchafu ukiziba, unavuta cheni huku na huku, maji yanapita. Hiyo kazi ya kuvuta cheni nilipewa mimi. Nani mwingine?

Pampu ilikuwa ile ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Unakanyaga chuma chake kwa mguu, unapandisha na kushusha mpini kwa mkono. Fundi alikikata kiatu chake ulimi akatengeneza ngozi mpya za ndani, na mdomoni mwa mpira wa kunyonyea akafunga chujio, manyoya yasiingie. Chujio lilitoka jikoni. Wiki hiyo tulikunywa chai kwa meno. Mama aliuliza chujio liko wapi, na Baba, mwanamume mzima, akasema pengine limechukuliwa na paka.

Ijumaa tulijaribu pampu, boti ikiwa nusu imevutwa nchi kavu na mpira wa kutolea maji umelazwa kwenye nyasi. Ilifanya kazi maridadi. Nililala nikitabasamu.

Jumapili ilifika. Akina mama walijipanga ukingoni na leso zao, darasa la tano nalo likaja lote, hata wale wanaoishi mbali. Mama alipanda akiwa ameshika mkoba, uso wa mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Baba alikaa nyuma kwenye usukani, na tanga lilikuwa turubai letu la kuanikia mahindi. Mimi nikasimama katikati na pampu. Baba, kwa ustaarabu wake, alikuwa ameutumbukiza ule mpira wa kutolea maji bwawani, mwisho wake ukazama kabisa, ili maji yasimrukie Mama.

Tulifika katikati. Nikapampu, maji yakashuka mpaka nikaliona chujio. Nikasimama kuwapungia darasa la tano mkono. Kutazama chini, maji yamerudi! Nikapampu tena, yakaisha. Nikapumzika, yakarudi, tena yakiongezeka.

"Pampu, Nyambura!" Baba akafoka. "Kwani hukula?"

"Napampu, Baba! Yanarudi!"

"Yanarudi kutoka wapi?"

Ningejuaje? Mkono uliwaka moto. Maji yakagusa kisigino cha Mama, na mimi nikaanza kulia waziwazi, mbele ya darasa zima.

Mama alikuwa anauza mafuta ya taa pale kioski chetu. Kila siku alikuwa anayanyonya kutoka kwenye pipa kwa mpira, na alijua kwamba mafuta yakishaanza kuteremka hayangoji kusukumwa na mtu. Aliuangalia ule mpira uliozama, akaangalia maji miguuni. "Nani aliweka huu mpira ndani ya bwawa?"

"Mimi," akasema Baba. "Niliogopa utarukiwa na maji."

"Ati nirukiwe! Unalivuta bwawa lote kwa mpira huu lije likae na mimi, halafu unaogopa matone?"

Akauvuta mpira nje, akapandisha mwisho wake juu, akaufunga kwenye mlingoti kwa kitambaa chake cha kichwa. "Sogea," akaniambia. Akakunja gauni, akakanyaga ile pampu kwa kiatu cha kanisa, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, akaanza. Maji yaliruka kwa nguvu na kumpata Baba kifuani. Baba akacheka. Mama akamwangalia, akageuza mpira kidogo, akampata usoni. Nakuapia, alimlenga.

Tulirudi ukingoni boti ikiwa kavu na viatu vya Mama vikilia kwachu-kwachu. Fundi Wekesa alikuwa tayari ameshika baiskeli yake. Mama akaketi kwenye nyasi, akavua kiatu kimoja, akamwaga maji, akavua cha pili, akamwaga, akanipa vyote viwili. Nikajua kwisha, boti ni kuni.

"Wewe baki hapa, umechoka," akaniambia. Kisha akarudi botini miguu mitupu. "Baba Nyambura, haya. Zunguka tena."

Wakaenda wawili tu. Mimi msaidizi wa nahodha niliachwa ukingoni na viatu vilivyolowa, na ndiyo siku ya kwanza niliwaona wazazi wangu wameketi pamoja bila jembe, bila maziwa ya kupeleka, bila mtoto wa kugombeza.

Siku hizi mimi na mume wangu tunaongea juu ya karo, mbolea na nani ataleta unga. Juzi nilimwambia twende bwawani. Akauliza, "Tukafanye nini?" Nikamwambia, "Tukalowe." Aliniangalia vile unavyomwangalia mtu aliyeanza malaria, akarudi kwa hesabu zake. Nilicheka, lakini niliwaonea wivu wazazi wangu, maana siku ile walizunguka lile bwawa mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kukamuliwa, na hakuna aliyewaitikia.