Redio ya Bibi na Wingu la Ziwani

Juzi fundi alinifungia kifaa cha kuzuia umeme unapozidi, katika chumba ninachopanga hapa Tororo. Akajigamba: "Sasa dada, hata radi ipige mwamba ule pale, muziki wako utaendelea tu." Unanijua, mimi siamini mtu kirahisi. Jioni ngurumo ikalia, na kabla sijafikiri lolote, mkono wangu ulikuwa umeshachomoa plagi ya spika.

Mkono huo ulifundishwa kijijini Lumino, kwa Bibi.

Bibi alikuwa na redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili, akiifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Waya wa eriali ulitokea dirishani ukapanda mlingoti wa mkalitusi nyuma ya jiko. Mvua yetu ilitoka upande wa ziwa, mchana, na ilikuja kwa mbio. Mama Mdogo alikimbia kuanua mihogo, mimi nikatupia lesso juu ya kioo cha ukutani, Bibi akachomoa plagi, akafungua waya wa eriali na kuutupa nje. Kisha tulikaa mbali na ukuta tukila viazi vitamu vya moto kwa simsim ya kusaga, mabati yakilia hata tusisikiane.

Maswali sikuanza leo. "Bibi, kioo kina umeme gani?"

"Mke mwenzangu," alinitania, "radi ikija kujitazama humo, utaiambia nini?"

Mama Mdogo alicheka mpaka kiazi kikampalia.

Shida yangu ilikuwa Jumapili. Mama alifanya kazi ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, na alikuja kwa nadra. Aliniahidi kunitumia salamu katika kipindi cha mchana, nami wiki nzima niliishi nikingoja jina langu litajwe redioni. Lakini kila Jumapili mtangazaji akianza tu, Bibi alisimama mlangoni, akatazama upande wa ziwa, akarudi. "Kuna wingu." Plagi nje.

"Lile dogo, Bibi?" nililia. "Hata kuku haliwezi kumlowesha!"

"Wataka redio iungue? Hizo salamu za Jumapili ijayo utazisikilizia wapi, kwenye sufuria?"

Ndipo alipokohoa, akashika mwiko mbele ya mdomo. "Hapa ni Redio Jikoni, Lumino. Tuna salamu kutoka Busia, zimwendee binti mmoja mbishi asiyependa dagaa. Mama yake anasema, wakimnyoa shuleni asilie, nywele huota."

"Na zimfikie jirani aliyeazima kinu chetu," Mama Mdogo alidakia, "akirudishe!"

"Umejuaje Mama amesema hivyo?"

"Si nimemzaa mimi? Nyamaza, kipindi kinaendelea."

Na kiliendelea, kwa nyimbo na matangazo ya vifo vya majogoo, hadi nikacheka huku nimenuna.

Nilipofika chuo, Busitema, nilisoma habari za umeme. Kioo hakiiti radi. Waya ule wa eriali ulikuwa hatari kweli, na kuchomoa plagi mapema kunashinda vifaa vingi vya dukani. Bibi alipatia nusu, nikajisemea, nikaridhika. Ila yale mawingu madogo yalinisumbua. Likizo moja nikamwuliza Mama, katika zile salamu alikuwa akisema nini.

"Salamu zipi, mwanangu? Kila wiki nilikusudia. Sikutuma hata moja."

Bibi ameshafariki, sina wa kumhoji kama alijua. Huenda aliogopa radi tu, huenda macho yake yaliona wingu nisiloliona mimi. Redio yenyewe haikuungua kamwe. Panya ndio waliomaliza nyaya zake.

Basi juzi spika ilinyamaza katikati ya wimbo, kwa plagi ambayo fundi alisema haihitaji kuchomolewa. Chumba hiki kina dari, mvua husikika kwa mbali. Nilivuta kiti kikawa mbali na ukuta, nikakaa, nikasubiri mtu akohoe.