Walipomshuku Baba kwa Bei ya Mbolea

Mwaka ambao serikali iliondoa ruzuku ya mbolea, baba yangu alikuwa mtunza ghala wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kijijini kwetu, upande wa Mapera. Mimi nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya hapo hapo, bado nakaa nyumbani. Habari ya ruzuku tuliisikia redioni kama mtu anavyosikia habari za mvua ya mkoa mwingine. Tulisikia pia kwamba shilingi imeshushwa thamani. Noti zilizokuwa mifukoni mwetu hazikubadilika sura, kwa hiyo hatukujali.

Kisha mbolea ya chumvichumvi ikafika, na baba akaandika bei mpya kwa chaki kwenye mlango wa ghala. Watu waliisoma, wakarudia kuisoma. Ilikaribia mara mbili ya bei ya msimu uliopita.

"Mtunza ghala, chaki imekuteleza?" mzee mmoja aliuliza.

"Ndivyo karatasi ilivyoletwa."

"Tuione hiyo karatasi."

Baba akawaonyesha. Ikawa mbaya zaidi, maana karatasi hata yeye mwenyewe angeweza kuiandika.

Na wiki ile ile nyumba yetu ilikuwa imeezekwa mabati. Mama, ambaye ni mzaliwa wa Mbamba Bay, alikuwa amerudi kutoka kwao ziwani juu ya lori, na mabati yake. Alichosema ni kimoja tu: "Ezueni nyasi." Baba hakuuliza kitu mbele yetu. Lakini majirani walitazama paa, wakatazama mlango wa ghala, wakajumlisha. Misa ilipotoka, mazungumzo yalikatika kila tulipokaribia. Mwalimu mwenzangu akaniuliza huku anacheka, "Mvua inapiga kelele kwenu siku hizi, eti?"

Sitaficha, nami nilimshuku. Jioni moja nilimkuta baba anapukuchua mahindi, nikamwuliza hela ya mabati ilitoka wapi.

Mikono yake ikasimama. "Na wewe, mwalimu?"

Akarudia mahindi yake. Ukimya ule niliuchukua kama kukiri kosa.

Mkutano ukaitishwa. Wakakubaliana niende Songea na wazee wawili tukaulize bei madukani. Mimi kwa sababu nasoma vizuri, wazee ili nisije nikamficha baba yangu.  Safari nzima nilikuwa naomba moyoni, na sikujua hasa naomba nini.

Mwenye duka la pembejeo alitutajia bei iliyozidi ya baba. Mzee mmoja akadhani hakusikia vizuri.

"Hiyo ni ya leo, mzee wangu," mwenye duka akasema. "Ya kesho siijui. Mbolea inatoka nje, inanunuliwa kwa dola. Zamani serikali ilikuwa inakulipia sehemu ya bei, sasa imejitoa. Na dola hiyo hiyo siku hizi inataka shilingi nyingi zaidi. Yote mawili yameuangukia mfuko mmoja."

Nilirudi nimefurahi. Nilidhani yamekwisha. Tulipotoa taarifa, sauti ikatoka nyuma: "Sasa kwa nini yeye anauza chini ya Songea? Lazima amepunguza humo ndani ya mifuko."

Baba alieleza kwamba shehena ya chama ilinunuliwa kabla bei haijapanda tena. Hawakumsikiliza. Mifuko ikatolewa, ikapandishwa mmoja mmoja kwenye mizani ya kahawa. Yote ilikuwa kamili. Hakuna aliyeomba radhi. "Basi hela kaipata kwingine," mtu akasema.

Hapo mama akasimama kutoka upande wa wanawake.

"Mabati ni yangu," alisema. "Mmeniona miaka yote nateremsha maharage ziwani, napandisha dagaa wa usipa. Niliona hela nikiiweka chunguni, mwaka ukiisha hainunui kile ilichokuwa inanunua. Kwa hiyo nikaacha kuiweka. Kila nilipouza nilinunua bati moja, nikalilaza kwa kaka yangu. Nani mwingine ana swali?"

 Mimi mwenye cheti cha ualimu nilijiona mdogo. Yale yaliyosemwa redioni, mama alikuwa ameyajua zamani kwa kununua na kuuza.

Nilimwuliza baba baadaye kwa nini alivumilia aibu yote ile wakati neno moja lingetosha. Akatazama chini. "Sikujua yametoka wapi," alisema. "Mke anashuka ziwani, anarudi na lori la mabati. Niliogopa kuuliza nisije nikajibiwa." Nyumba nzima tulikuwa tunashukuana, kila mtu na lake.

Alirudisha ufunguo wa ghala mwezi ule ule. Msimu uliofuata wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa, wana mizani zao na hela taslimu. Baba alifika na mfuko wake wa kahawa, akauweka chini.

"Nipime mimi kwanza," alimwambia kijana wa mnunuzi. "Jana nimepimwa zahanati."

Mizani ikamtoa mwepesi kwa kilo kadhaa kuliko ile ya zahanati. Kijana akacheka, akazungusha skrubu, akasema ni vumbi la safari. Baba akapimwa tena, akaridhika kidogo, akauza, kwa kuwa chama kilikuwa hakina hela ya kumlipa. Mbolea aliyomudu mwaka ule ilitosha mibuni iliyo karibu na nyumba. Ile ya mteremkoni aliiacha bila mbolea, na kufikia masika majani yake yalikuwa yamegeuka njano.