Kokwa za Zambarau

Harufu ya kokwa za zambarau zinazokauka juani si nzuri wala si mbaya. Ina ukali wa tunda lililoanza kuchacha, na inakausha ulimi kabla hujaonja kitu. Msimu mmoja wa utoto wangu, kijijini kwetu kwenye kisiwa cha Juani, harufu hiyo ilijaa uani, ikaingia kwenye nguo na nywele zangu, na wenzangu shuleni wakawa wanaziba pua nikipita. Sikujali. Mimi ndiye niliyekuwa natengeneza dawa ya mama.

Hifadhi ya Bahari ilikuwa bado changa. Nyavu za kukokota zilikuwa zimekatazwa, baba akaenda dago, kambi ya uvuvi, huko Bwejuu na wavuvi wenzake, akawa anarudi kwa nadra, na riziki yetu ikabaki kwenye miguu ya mama. Nasema miguu kwa sababu kulima mwani ni kazi ya miguu. Bamvua likifika na maji yakitoka, wanawake walitembea mbali juu ya mawe na chaza hadi kwenye kamba zao, wakafunga mbegu, wakavuna, wakarudi na magunia kichwani kabla maji hayajajaa. Mama alikuwa mwepesi kuliko wote, na ulimi wake mwepesi zaidi. Aliwatania wenzake njia nzima. Kisha akaanza kukonda na kunywa maji bila kukata kiu, na zahanati wakamwambia ana kisukari. Wakampa vidonge. Miguu ilimwaka moto hata kila alasiri akawa anakaa kizingitini, nyayo ndani ya beseni la maji, amekunja uso.

Aliyetufundisha habari ya kokwa ni Mama Zulekha, mwenye duka la vitambaa Kilindoni, ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi. Kwao dawa hiyo ilikuwa ya tangu zamani. Tuzianike, tuzitwange, tuzichekeche, kisha kijiko kimoja kwa maji kila asubuhi. “Lakini vidonge usiache, dada yangu, na kupima usiache,” akasema. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikamsikia vizuri. Mama alishika lile la kijiko tu.

Mizambarau ilikuwa kando ya njia ya kwenda Kua. Watoto wenzangu walikula matunda mpaka midomo ikawa ya rangi ya wino, na mimi nikawafuata na kikapu niwaombe kokwa. Walizitema humo kwa kishindo, wakishindana nani atalenga vizuri. Niliziosha, nikazianika, nikazitwanga mpaka viganja vikaota malengelenge. Unga wake ulikuwa mchungu, mama akiunywa machozi yanamtoka. “Uchungu huu ukishuka tumboni unaufukuza utamu wote,” alisema, na baada ya kusema hivyo alijimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu, akanywa kwa raha ya mtu aliyeimaliza adhabu yake. Vidonge vilibaki ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Kopo nilikuwa nalifuta vumbi.

Siku moja beseni halikutolewa. Kesho yake pia. “Miguu imepoa!” mama akawaambia jirani zetu, akanivuta kifuani. “Njooni mumwone mganga wangu!” Wakaja na vikopo vyao kuomba unga. Sijapata tena kufurahi namna ile, na mpaka leo naona haya kwa furaha hiyo.

Asubuhi moja nikifagia niliona matone meusi sakafuni, kutoka kitandani hadi mlangoni. Mama alikuwa anajifunga kanga aende pwani. Nikamwinua mguu. Kipande cha gamba la chaza kilikuwa kimezama kwenye wayo, na nyama iliyokizunguka imekuwa nyeupe, inanuka.

“Mama, huumwi?”

“Siumwi hata kidogo. Si unaona dawa yako ilivyoniingia?”

Akacheka. Nikalitoa lile gamba, nikaujaza ule unga wangu kidondani, nikafunga kitambaa. Lilikuwa bamvua, kwa hiyo alikwenda mwanini, na kesho yake, na keshokutwa. Sikumwambia mtu.

Baba aliporudi, mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Walimvusha mpaka Utende, wakapata gari hadi hospitali ya Kilindoni, na huko mguu ukakatwa. Nilimsikia daktari akimweleza baba kwamba miguu ile haikupoa kwa kupona. Ilikuwa imekufa ganzi. Kamba za mama zilichukuliwa na mwanamke mwingine. Hakunilaumu hata siku moja, na laiti angenilaumu. Aliketi kizingitini, hamtanii mtu, akiwatazama wenzake wakishuka pwani. Alifariki masika yaliyofuata.

Sasa nina umri aliokuwa nao, na kisukari ninacho pia. Siku hizi unga wa kokwa unauzwa sokoni kwenye vichupa vyenye karatasi za kupendeza, na wanaoununua huniuliza kama unafaa. Nawajibu kama alivyosema Mama Zulekha, maneno yote, mpaka mwisho. Mimi nameza vidonge vyangu, napima, na kila asubuhi binti yangu hupiga magoti akazikagua nyayo zangu, kidole kwa kidole. Wiki iliyopita ziliwaka moto hata nikauma meno. Akazigusa kwa ncha ya unyoya wa kuku, akaniuliza kwa woga kama nasikia.

“Nasikia,” nikamwambia, huku nalia. “Nasikia, mwanangu. Gusa tena.”