Mtaliano Aliyetuletea Turubai la Msiba

Naanza kwa kukiri: mwezi uliopita nilisababisha baba yangu mzazi asimamishiwe turubai la msiba, viti vikapangwa, sufuria la wali likabandikwa, na yeye mwenyewe yuko ndani amekaa kwenye kiti anasikiliza muziki. Ukisikia watu wa Mwananyamala wanasimulia habari za mwalimu mmoja aliyeliliwa baba yake aliye hai, usitafute mwingine, ni mie. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Mama Swaumu, kwa sababu yeye ana mkono mzito wa chumvi.

Baba alipata kiharusi mwaka jana, nikamtoa kwetu Bukoba nikamleta hapa nimuuguze. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, lakini mdomo ulibaki umepinda na maneno yakawa yanatoka moja moja kwa tabu, na huyo ni mtu aliyeimba sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, kwenye kwaya ya parokia tangu kijana mpaka mvi zikamjaa! Akaapa hatoki nje. "Sitaki... wauone mdomo huu," basi, miezi minne hajagusa kibaraza. Daktari alinionya kwamba asipoongea na watu, hata hayo maneno machache yatampotea, na kila nikirudi kutoka shuleni nikamkuta anatazama ukuta, moyo ulikuwa unaniuma kwelikweli.

Sasa mwenzangu wa kwaya akanitumia kwenye simu nyimbo za mwimbaji mmoja wa opera, Mtaliano wa zamani sana, sauti ya tatu kama Baba, ambaye mpaka leo wajuzi wa mambo hayo wanamtaja kwa heshima. (Opera, kwa msioijua, ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayeongea, wote wanaimba, hata anayekufa anaimba kwanza ndipo afe.) Zilikuwa zile santuri zake za mwanzo kabisa, za enzi mtu anaimba huku kaelekeza uso kwenye pembe la bati, na sasa mafundi wamezisafisha kwa kompyuta, mikwaruzo yote wameitoa. Na Baba alikuwa anamfahamu! Padri wa misheni yao alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na ujana wake wote alimsikiliza huyo Mtaliano nyuma ya kelele kama za samaki anayekaangwa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nikaazima spika ya kwaya, nikaiweka karibu na kiti chake (sikio moja ni zito), nikaifungulia mpaka mwisho. Halafu nikafunga mlango na madirisha yote, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilifunga kwa sababu wiki moja kabla nilimwendea Mama Swaumu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta anayeuza vitumbua, nikamfokea mbele ya wateja wake kuhusu singeli anayopiga kutwa: "Kuna mgonjwa hapa, mtaa huu hauna ustaarabu?" Mwalimu mzima, leo nisikike napiga muziki kumshinda yeye? Nikafunga. Kumbe vinanda vilibaki ndani, kilichopenya nje ni ile sauti ya mwanaume tu, inapanda, inatetemeka, inashuka.

Ndani, Baba alisikiliza wimbo wa kwanza bila kutikisika. Wa pili ulipofika katikati akainua ule mkono wake mzima.

"Koku. Anavuta pumzi."

"Nani, Baba?"

"Huyu. Sikuwahi... kumsikia akivuta pumzi. Kumbe na yeye... alikuwa anachoka."

Jamani, hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyonipa tangu augue. Machozi yakanijaa, sikutaka ayaone, nikatoka kibarazani nikarudisha mlango nyuma yangu, khanga kiunoni (nilikuwa napiga deki), nywele timtimu, nalia kama mtoto.

Mama Swaumu alikuwa amesimama palepale, kijiko cha kugeuzia vitumbua mkononi. Anajua kuna mgonjwa, anasikia mwanaume analia ndani, ananiona mie nimelowa machozi. Na kwetu huku hatuulizagi kuna nini. Unamlilia mwenzio kwanza, maelezo yatakuja. Akatupa kijiko, akanikumbatia, "Yalaa! Mwalimu wangu, nisamehe mie na singeli yangu!" akapiga ukunga uliofika mpaka barabarani.

Ningesema sentensi moja tu: Mama Swaumu, huo ni muziki. Nikajiambia ngoja atulie kidogo, nitamwambia taratibu, na kusema kweli sikuwa namhurumia yeye, nilikuwa najionea aibu. Hakutulia. Dakika kumi hazijaisha kibaraza kimejaa kina mama, nimekalishwa mkekani, wawili wamenishika mabega.

"Baba hajafa!" nikapiga kelele, maana sasa nilishaogopa.

"Ndivyo inavyokuwaga, mwanangu," mama mmoja mtu mzima akanijibu kwa huruma, "siku ya kwanza mtu haamini. Mpepeeni."

Wakanipepea. Ndani Mtaliano akapandisha ile sauti ya juu kabisa, mmoja akauliza yule ni nani, mwingine akajibu bila wasiwasi kwamba ni kaka yangu, aachwe amlilie baba yake. (Kaka yangu yuko Mwanza, na muda huo alikuwa ameshapigiwa simu ya tanzia.) "Mwanaume kulia vile, jamani!" na wote wakaanza upya. Mjumbe wetu, Mzee Salehe, akaingia na wanaume wanne na turubai begani. Kwenye kundi la kwaya la kwenye simu, yuleyule aliyenitumia nyimbo alishaandika kwamba sauti ya tatu imezimika.

Halafu wimbo wa mwisho ukaisha, na mlango ukafunguka.

Baba akatokea na fimbo yake. Akalitazama turubai, akavitazama viti, akawatazama kina mama, na kwa kuwa ni mtu wa adabu zake, akavua kofia na kusema kwa ule mdomo wake uliopinda, mbele ya mtaa mzima:

"Poleni... na msiba. Nani... ametutoka?"

Sijawahi kuona kibaraza kikimwagika vile. Mama Swaumu alikimbia akaacha viatu, na Mzee Salehe alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Ikabidi nisimame nieleze yote, spika, madirisha, singeli, kila kitu, na mjumbe akanisikiliza mpaka mwisho ndipo akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, binti yangu, ni wewe uliyesema mtaa huu hauna ustaarabu?" Nilitamani ardhi ipasuke. Simu yangu ikaita, ni kaka, nikampa Baba. "Nipo," akasema.

Mama Swaumu akarudi pekupeku, anacheka mpaka anashika mbavu, akanipiga begani: "Mwalimu, singeli yangu haijawahi kuua mtu!" Kisha akaingia mwenyewe akaitoa spika nje, anataka amsikie huyo muuaji. Tukasikiliza sote chini ya turubai, huku Baba akiwaeleza habari za padri na gramafoni, maneno yanajikwaa, yeye anayafuata tu. "Hapo... hapo, sikilizeni pumzi." Mzee Salehe akasema ameisikia. Wali ulipoiva tukaula, na nilipomwambia Baba turudi ndani, akakataa.

Nimeapa kutomfokea tena mtu mbele ya wateja wake, na kutofunga dirisha kwa ajili ya kujificha aibu. Siku hizi tukitaka kumsikiliza Mtaliano, tunamsikiliza kibarazani, na kabla sijaifungulia spika natangaza kwanza kwa sauti: "Jamani, ni muziki, hajafa mtu!"

Na Baba, kwenye kiti chake, mbele ya kila apitaye, anamalizia: "Bado!"