Nilivyoshinda shindano la dari isiyovuja kwa kumficha Bi Mishi (Mombasa, miaka ya arobaini)

Wakuu, salaam aleikum. Wenye usingizi amkeni, wenye chai karibuni nayo.

Mimi ni mzee, tena mzee kwelikweli. Nimewasoma humu miezi mingi bila kuandika neno. Juzi nikaona uzi wa vijana wa chuo walioshindana kuleta mawazo mapya ya ujenzi, na mchangiaji mmoja akasema enzi zetu hakukuwa na mambo hayo. Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu wangu akauliza kuna nini.

Basi nami nina langu. Naliandika lilivyokuwa, na pale nilipokuwa mwongo nitasema nilikuwa mwongo. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ni miaka ya arobaini, vita vikubwa vimekwisha juzi tu. Nina miaka kumi na sita, nasoma skuli moja hapa kisiwani. Nyumbani ni Kibokoni, Mji wa Kale.

Simiti ilikuwa haipatikani. Ikishuka Kilindini, inachukuliwa na bandari na serikali, raia anabaki kuisikia kwa jina. Na watu walikuwa wanamiminika mjini kutafuta kazi ya bandari. Mtaa wa Majengo ulijaa, nyumba za udongo zimebanana, makuti juu. Moto ukishika moja, unaondoka na mtaa.

Ndipo Mzungu mmoja wa idara ya majenzi akaja skulini na shindano. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Bwana Kofia, maana hakuivua hata ndani ya darasa.

Swali lilikuwa moja: mwanafunzi alete njia ya kuezeka nyumba za vibarua kwa vitu vya hapa hapa, bila simiti, na isivuje. Kila mmoja atengeneze kipande cha paa, futi nne kwa nne, chenye kingo kama sinia. Kitajazwa maji Ijumaa mpaka Ijumaa, na chini litawekwa gazeti. Gazeti likilowa, umetoka.

Sharti lilikuwa moja pia. Kazi iwe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa mikono yake, bila msaada wa fundi wala mtu mzima.

Zawadi: nafasi ya miaka miwili kujifunza uchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi yao.

Wakuu, hiyo nafasi niliitaka mpaka nikakosa hamu ya kula. Baba yangu, karani wa bandarini, alikuwa ameshakata shauri: mwaka ukiisha naingia dukani kwa ami yangu, duka la vitambaa. Ami hakuwa mtu mbaya. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza, na kwenye vitambaa nilishamaliza maswali yangu yote siku ya kwanza. Baba alisema nikiipata ile nafasi ataniacha niende. Nisipoipata, dukani.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, dari yake bapa, ndiyo paa lenyewe. Boriti zimelazwa, juu ya boriti mawe, juu ya mawe chokaa na kokoto, imepigwa ikashikana. Babu wa babu yangu ndiye aliyeijenga. Mvua zote zile na haikuvuja. Darasa letu skulini lilikuwa na paa jipya la simiti, na masika tulikuwa tunahamisha madawati.

Hilo lilinikera. Kwa nini la zamani limeshika na jipya linavuja?

Nikajaribu. Nikapata chokaa iliyozimwa kwa maji siku nyingi, nikachanganya na kokoto na mchanga, nikamimina ndani ya fremu, nikapiga kwa kipande. Kipande ni kibao kizito chenye mpini, ndicho kinachotumika kupigia dari. Nikapiga muda wa saa tatu, naangalia saa ya ukutani. Baada ya siku nne ikapasuka toka pembe hadi pembe.

Nikafanya ya pili, nikapiga saa sita. Hiyo ilipasuka vibaya zaidi. Mikono ilivimba, na mama akaniuliza kama skuli siku hizi wanatufundisha uhamali.

Asubuhi moja nikasikia vipande vinalia nyumba ya jirani. Walikuwa wanatengeneza dari upya. Mtu wa Mji wa Kale anaijua sauti ile toka tumboni: kina mama kumi au ishirini wamejipanga safu, leso viunoni, wanapiga kwa pamoja na kuimba. Nyimbo za kuwasema waume zao, nyingine siwezi kuziandika hapa, moderator asije akanifungia. Mimi siku zote niliona ni shangwe tu, watu wanajipoza na uchovu.

Siku hiyo nikapanda ngazi, nikakaa kizingitini kutazama.

Kiongozi wao alikuwa Bi Mishi, mwanamke mfupi, sauti kali, hana meno mawili ya mbele. Akaniona.

"Wewe mwana wa karani, watafuta nini hapa? Kama ni mke, hawa wote wana wenyewe."

Wakaniangulia kicheko. Nikasema natazama tu.

"Haya, tazama. Mato hayana pazia."

Nikatazama siku tatu, skuli nikienda nusu nusu. Siku ya pili nikaona kitu. Kila ubeti ukiisha, wote wanasimama. Nilidhani wanavuta pumzi. Kumbe katika kimya kile Bi Mishi anapiga peke yake, mara moja, kisha anainamisha kichwa. Mara nyingi anaanza tena wimbo ule ule. Lakini zamu moja aliinua mkono, wakabadilisha wimbo. Wimbo mpya ulikuwa wa haraka, mapigo mepesi, na mmoja akaanza kunyunyiza maji ya chokaa.

Nikamuuliza, Bi Mishi, unasikiliza nini?

Alinitazama kama hajawahi kuulizwa, na nadhani kweli hakuwahi.

"Nasikiza dari. Ikiwa mbichi yasema *du*. Ikianza kushika yasema *ta*. Ikisema *ta* nawe wapiga kwa nguvu, waivunda ndani, ufa huuoni mpaka ikauke."

Wakuu, hapo nikafahamu. Kosa langu lote lilikuwa pale. Chokaa haishiki kwa saa. Siku ya jua inashika upesi, siku ya mawingu inakawia. Mimi nilipiga kwa saa ya ukutani, tena nilizidisha nguvu mwishoni, pale pale inapotaka kuguswa taratibu. Wao walikuwa na nyimbo tatu, kila moja na mwendo wake, na kimya cha kusikiliza katikati. Ile shangwe ilikuwa kipimo.

Hapo ndipo ningesimama, nikafanye mwenyewe. Sikuweza. Nilijaribu sampuli ya tatu, nikapiga, nikasikiliza, na masikio yangu yakaniambia du na ta ni kitu kimoja. Zilibaki siku kumi.

Nikaenda kwa Bi Mishi nikamwomba. Kuhusu sharti la skuli sikumwambia kitu. Akaja uani kwetu na wenzake watatu, wakapiga futi zangu nne kwa nne kwa kicheko, maana kwao ilikuwa kazi ya kuteza, mchezo tu. Mimi nilipiga pia. Basi nikawa najiambia nimeifanya kwa mikono yangu.

Tukaipeleka skulini kwa mkokoteni wa hamali.

Wanafunzi kumi na mmoja tulileta. Wa kuogopwa alikuwa Athumani wa Majengo, kijana mpole, nyumba yao ilishaungua mara mbili. Yeye aliponda madebe ya mafuta ya taa, akayapanga yakalaliana, akaziba maungio kwa lami. Kazi safi.

Ijumaa ya pili magazeti yakatolewa. Tisa yalikuwa chapachapa. La Athumani lilikuwa na tone moja, la ukubwa wa senti. Langu lilikuwa kavu, unaweza kulisoma.

Bwana Kofia akanishika mkono. Akauliza, na mwalimu wetu akafasiri: "Nani alikusaidia?"

Nikasema, "Hakuna mtu, sir."

Nililisema upesi na sauti haikutetemeka. Mpaka leo hilo ndilo linalonishangaza.

Wiki hiyo nilikuwa mfalme. Baba alinunua halua akagawa baraza nzima. Ami alisema duka lina vijana wengine.

Kisha Bwana Kofia akaja na jambo ambalo sikulitarajia. Alikuwa anajenga chumba kimoja cha mfano upande wa Kibarani, ili wakubwa zake waone. Akataka dari yangu, na akataka nisimamie mimi. Akanipa vibarua ishirini, wanaume watupu, wengine wa bara, wengine wa hapa Pwani.

Siku ya kwanza chokaa ikamwagwa. Nikawaambia pigeni. Kila mtu akapiga lake. Mmoja kwa nguvu, mwingine anasinzia. Nikaona hapa pana haja ya wimbo, na wimbo nilioujua ulikuwa ule wa Bi Mishi.

Nikauimba. Kijana wa miaka kumi na sita, sauti inavunjika, namwimbia mume aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Vibarua walicheka mpaka wakaweka vipande chini. Mzee mmoja wa Kimijikenda akaniuliza mume wangu yuko wapi.

Tuliendelea hivyo hivyo hadi saa kumi. Nilijua itapasuka. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Na ikipasuka mbele ya wakubwa, vibarua wa Majengo watabaki na makuti yao, na itasemwa chokaa ya Waswahili haifai.

Nikatoka Kibarani kwa miguu mpaka nyumbani kwa Bi Mishi. Nikamweleza yote, hata ile "hakuna mtu, sir," ila lile sharti nikaliruka tena.

Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Kwa hivyo mimi si mtu," akasema.

Nililia, wakuu, sitawaficha.

"Nyamaza. Kesho naja. Lakini utanitaja mbele yao, kwa jina langu na la babangu. Sitaki kingine."

Kesho yake alfajiri akaja na wenzake sita. Akaiinamia dari, akaigonga, akasonya, akasema bado haijafa. Akawapanga vibarua safu mbili. Wanawake wanaanzisha, wanaume wanaitikia. Yule mzee wa jana ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Saa sita Bwana Kofia akafika na mwalimu wetu, akasimama mdomo wazi. Akamuuliza mwalimu, hawa ni nani?

Nikajibu mimi. Nikasema huyu ni Mishi binti Hamisi, yeye ndiye aliyepiga dari yangu ya shindano, na mimi nilidanganya.

Kwa mara ya kwanza tukamwona Bwana Kofia kichwa kitupu. Aliivua. Akamuuliza Bi Mishi maswali zaidi ya saa nzima, akaandika yote, mpaka Bi Mishi akachoka naye akamwambia mwalimu, "Mwambie anipishe, dari yaniita." Bwana Kofia hakunikasirikia. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Lakini sharti ni sharti. Siku ya pili nafasi ikahamia kwa Athumani, aliyenifuatia kwa tone lake moja. Ilikuwa haki yake.

Baba hakunipiga. Alisema tu, "Jumatatu, dukani."

Ile dari ilishika. Wakubwa wakaja, wakaisifu, wakaenda zao. Mwaka uliofuata simiti ikaanza kupatikana, na nyumba za vibarua zikaezekwa kwa vitu vingine. Kwa hiyo hata hilo halikuzaa tuliyoyatarajia.

Bi Mishi alipopata habari za nafasi yangu alikuja dukani na buibui lake, akasimama mbele ya wateja, akanifokea.

"Nani alokwambia ujitose? Mimi nalitaka nitajwe, sikutaka wewe upotee! Kwa nini hukunambia kuna sharti?"

Nikamwambia, nilidhani ukijua hutakuja.

Akashika kitambaa, akakiacha, akaondoka bila kuaga. Nikajua nimempoteza na yeye.

Ami alinicheka wiki nzima. Nilipima vitambaa, nikakunja vitambaa. Wale mnaosema ukweli hulipa papo hapo, mimi sikuliona hilo. Nilijuta kusema. Siku nyingine nilijuta kwamba nilisema kwa kuchelewa. Majuto yalikuwa yanapishana.

Mwezi wangu wa pili dukani, asubuhi, akaja binti mmoja wa kundi lake. Akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ili ami asikie:

"Bi Mishi yuwasema kuna dari mtaa wa Ndia Kuu. Yuwasema ndoo, uje upesi, na sikio lako ulisafishe."

Nikamtazama ami. Ami akatazama dari ya duka lake, ambayo ilikuwa inavuja toka masika, akasema, "Nenda. Ukijua, urudi upige na hii."

Wakuu, nilikaa na wale kina mama miaka minne. Mwaka wa kwanza Bi Mishi alinipigisha peke yangu katika kile kimya, mbele ya wote, anauliza *du* au *ta*. Nikikosea wanaimba jina langu ndani ya wimbo. Nilikosea sana. Kazi ya ujenzi niliyoifanya maisha yangu yote ilianzia pale.

Nilichojifunza: ukienda kutafuta jambo jipya, tazama kwanza ni nani anayelifanya tayari, na umuulize jina lake kabla hujamuuliza siri yake. Mimi nilianza kwa siri.

Haya, uwanja ni wenu. Waliokulia nyumba za dari ya chokaa, Mombasa, Lamu, Unguja, popote, mliwahi kusikia zinavyopigwa? Na nyinyi vijana wa simiti, mngekuwa mimi pale mbele ya Bwana Kofia, mngejibu nini? Semeni kweli. Mnaotaka kunitukana pia ruksa, ila taratibu, mjukuu anasoma.