Jino Ndani ya Shuka Safi

Mimi nimewahi kupiga pasi jino la mtu.

Cheka tu. Ukimaliza, soma.

Nilikuwa mpiga pasi katika nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Msimamizi wetu, tuliyembandika jina Bwana Marashi, alikuwa na sheria yake: shuka lisilo na doa halifuliwi. Linapuliziwa marashi, linapigwa pasi, linarudi kitandani.

"Kwani mgeni anakuja na darubini?" alikuwa akituuliza.

Miezi minne nilinyoosha jasho la watu. Mvuke ukipanda, harufu ya makwapa na marashi inanikaba kooni. Nyumbani chakula hakipiti. Mke wangu akadhani naumwa.

Nikanyamaza. Sasa zilikuwa zimebaki wiki sita nistaafu kwa heshima zangu.

Basi siku hiyo napitisha pasi, kwaa! Nafunua: jino la bandia, na waya wake, limenasa kwenye pindo la shuka "safi".

Kabla sijalificha, mama mwenye nyumba huyo mlangoni.

"Mama mkwe wangu analala hapa leo. Hayo mashuka yamefuliwa?"

Bwana Marashi, kiganja mdomoni, akawahi kujibu, "Yamefuliwa thafi kabitha, mama!"

Mtu mzima, kithembe kimeanza lini?

Mama akaliona jino mkononi mwangu. Akamgeukia.

"Hebu toa mkono."

Lo! Pengo la kuegesha baiskeli.

Kumbe mchana bwana huyu hujilaza kwenye vitanda vya wageni, halafu anatuletea mashuka tuyanyooshe!

Nilicheka mpaka machozi. Mama hakucheka.

"Na wewe, mzee, umejua tangu lini kwamba hayafuliwi?"

Ningesema "tangu leo", nani angebisha? Wiki sita tu! Lakini koo lilikuwa limejaa. Niliona nikiumeza na uongo huo, nitatapika palepale.

"Miezi minne, mama."

Akanitazama kama kitu kilichomganda kwenye soli.

"Yeye kachafua, wewe umekunja. Nendeni wote."

Tukatokea mlango mmoja kama mapacha. Nje akanishika bega.

"Mthee, ungethema 'tangu leo', ungepona!"

Niliusukuma mkono ule kwa ncha ya kidole.

Jioni nilikula sahani mbili, mke wangu kaduwaa.

Wanangu, mkiona uchafu, semeni siku ya kwanza. Mimi nilisema mwezi wa nne, na hadi leo hakuna anayenikumbuka kama mtu aliyesema kweli.

Nakumbukwa kama yule mwingine wa mashuka machafu.